MLANGONI PETU: Kamera ya Ulinzi na Kesi ya Mwizi



Mwezi wa Ramadhani uliopita, baina ya swala ya Isha na kumalizika kwa tarawehe, nyumba ya mdogo wangu iliyoko mtaa wa Mfaranyaki hapa Songea iliingiwa na mwizi. Watu wa nyumba hiyo wote walikuwa msikitini: baba, mama, vijana wawili, na bibi yao ambaye kwa ukongwe wake huswali juu ya kiti. Waliporejea, kiasi cha saa nne za usiku, waliukuta mlango wa uani umeng'olewa bawaba na vitu vimekwenda: televisheni, mtungi wa gesi, fedha za mbolea zilizokuwa kabatini, na cherehani ya shemeji yangu. Mimi katika vyote hivyo nilisikitikia cherehani. Fedha za mbolea mtu hukopa. Lakini cherehani ile mama wa watu aliinunua kwa kudunduliza ujira wa kushonea watu kwa cherehani ya kuazima, na tangu alipoipata ndiyo iliyokuwa ikiwalipia watoto madaftari na sare za shule.

Walakini nyumba ile ina kamera nne za ulinzi. Zamani jambo hilo lisingaliwezekana hapa kwetu, kwani umeme wa Songea ulikuwa wa majenereta ya dizeli, leo upo kesho haupo, na mashine ya kurekodi picha haitaki mchezo huo. Tangu njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipotufikia mwaka 2018 na mji ukaungwa na gridi ya Taifa, kamera zimekuwa nyingi madukani, katika nyumba za wageni, hata katika nyumba za watu wa kadiri kama mdogo wangu. Basi usiku ule, badala ya kulia, wote walikusanyika mbele ya kioo kutazama.

Nami nikaitwa baada ya swala ya Alfajiri. Nilimkuta mwana wa ndugu yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, hajalala, simu i mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Hebu nionyeshe hiyo picha."

Akanionyesha. Ilikuwa ni picha ya muda wa kama sekunde arobaini, aliyoichukua kwa simu yake kutoka kwenye kioo cha mashine. Nikaona mtu mwenye rangi ya kijivu, katika uani wa rangi ya kijivu, amekipa kamera kisogo, amevaa koti lenye milia myeupe mikononi, anatoka na kitu kizito begani.

"Uso wake u wapi?" nikamuuliza.

"Uso hapa hauonekani, baba mkubwa. Lakini koti hilo ni la yule kijana wa bodaboda anayekaa nyuma ya nyumba yetu. Mtaa mzima wanalijua."

"Umekwisha kumwambia nani maneno haya?"

Akainamisha macho. Alikuwa amekwisha kuipeleka picha ile tangu saa tano za usiku katika kundi la WhatsApp la mtaa, lenye watu zaidi ya mia mbili, na chini yake ameandika jina la kijana yule. Nilikuwa bado sijamjibu neno wakati mtoto wa jirani alipoingia mbio kutwambia kuwa watu wamemzunguka mwenye bodaboda pale kijiweni kwake na wanampiga.

Alhamdulillahi, hakuuawa. Mwenyekiti wa mtaa alifika pamoja na wazee wawili waliokuwa wakitoka msikitini, wakajiweka kati, mmoja wao akapigwa jiwe la bega, na kijana akatolewa akiwa na jeraha la kichwa na mkono uliovunjika. Ilipofika adhuhuri ikajulikana alipokuwa usiku ule. Alipanda pikipiki yake kabla ya saa tatu akamchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa kumpeleka hospitali, pamoja na dada wa huyo mama, na akakaa pale nje akingoja mpaka karibu saa tano, kwa kuwa dada yule alimwomba asiondoke. Mtoto alizaliwa salama. Watu wa kumshuhudia walikuwepo, na wote ni watu wazima wenye akili zao.

Ama koti, na hili napenda vijana wetu walielewe, halikuwa koti lake. Kamera hizi za nyumbani usiku hazioni kwa mwanga tunaoujua sisi. Huwasha taa ndogo zinazotoa mwanga usioonekana na jicho la mwanadamu, na kwa mwanga huo kamera huona vizuri gizani, lakini rangi zote hupotea na kila kitu huwa cheupe, cheusi au kijivu. Si hivyo tu, bali nguo zenyewe hubadilika. Kitambaa cheusi cha namna fulani hurudisha mwanga huo kikaonekana cheupe, na rangi mbili ambazo mchana huwezi kuzichanganya, usiku katika kamera huwa moja. Basi milia ile "myeupe" yaweza kuwa ilikuwa myekundu, au ya kijani, na hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu. Mwana wa ndugu yangu hakusema uongo, kwani aliona milia kweli. Alichokosea ni kudhani kwamba jicho la mashine ni kama jicho lake.

Tangu siku ile nimeulizwa na watu wengi, wengine barabarani na wengine kwa barua: je, picha za kamera ya nyumbani zakubaliwa na mahakama, au ni kupoteza fedha bure? Nami nimekwenda kuwauliza wanaoijua sheria, nikasoma na mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wangu.

Jawabu ni kwamba zakubaliwa. Sheria yetu ya Ushahidi ni ya mwaka 1967, wakati ambao kamera ya namna hii haikuwa hata ndoto, na kwa muda mrefu mahakimu walikuwa na mashaka na kila kilichotoka katika kompyuta. Mwaka 2000 Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, katika shauri la Trust Bank na kampuni ya Le-Marsh, kwa hukumu ya Jaji Nsekela, ilikubali kumbukumbu za benki zilizotoka katika kompyuta, kwa hoja kwamba mahakama haiwezi kufumba macho dunia inapobadilika. Shauri lile lilikuwa la madai, si la jinai. Mwaka 2007 Bunge likaongeza katika Sheria ya Ushahidi kifungu cha 40A, kinachoruhusu katika kesi za jinai khabari zilizotolewa katika kompyuta, pamoja na sauti na picha za video za vitendo vya mshtakiwa. Kisha ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na kifungu chake cha 18 ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wenye kamera. Kinasema ushahidi hautakataliwa kwa sababu tu ya kuwa ni wa kielektroniki. Lakini hapo hapo kinamtaka hakimu apime uzito wake: khabari hiyo ilitengenezwaje na kuhifadhiwaje, je njia hizo zaaminika, ukamilifu wake ulilindwaje, na aliyeitoa alitambulikanaje.

Basi kukubaliwa ni jambo moja, na kuaminiwa ni jambo la pili. Na wengi wetu hufika kwenye la kwanza tukadhani tumemaliza.

Tutwae khabari ya saa. Mpelelezi alipofika nyumbani kwa mdogo wangu akaomba kuitazama mashine yenyewe, jambo la kwanza aliloliona ni saa iliyoandikwa pembeni ya picha: 02:14, na tarehe ni ya siku ya pili. Yaani saa nane na dakika kumi na nne za usiku wa manane. Na watu wote wa nyumba walikuwa wamekwisha andikisha maelezo kwamba wizi ulifanyika kabla ya saa nne, walipokuwa msikitini! Kwa picha hiyo, mwizi aliingia wakati wao wamo ndani, na mlango wamekwisha kuugongomea mbao. Mdogo wangu akatokwa na jasho. Ndipo fundi alipoitwa, akatwambia kwa utulivu kabisa, kana kwamba si kitu, kuwa mashine nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani China zikiwa zimetiwa saa ya huko, na saa ya huko imetangulia ya kwetu kwa saa tano. Yeye alipozifunga hakubadilisha, "maana wateja hawaulizi." Ukipunguza saa tano katika 02:14 unapata saa tatu na dakika kumi na nne za usiku, na mambo yote yanakaa mahali pake.

Sasa jaribu kufikiri, msomaji, wakili wa mshtakiwa angeifanya nini saa ile mbele ya hakimu. Angesimama na kuuliza kwa upole: shahidi, wewe wasema saa tatu, mashine yako yasema saa nane, ni nani kati yenu mkweli? Na kama fundi hakupatikana wa kueleza, mwizi angekwenda zake nyumbani. Kwa hivyo nimewaambia watu wa nyumbani kwangu, nami nawaambia nyinyi: kila mwanzo wa mwezi, siku ya kuandama mwezi ikiwa mwapenda, mtazame saa ya mashine na saa ya simu, na kama zimehitilafiana ziwekwe sawa, na ikiandikwa tarehe katika daftari itakuwa vizuri zaidi.

La pili ni lile lililotuumiza zaidi, nami naliandika kwa uchungu. Mpelelezi alimwambia mdogo wangu alete mashine yote kituoni ili picha zitolewe kwa utaratibu, na iandikwe imetoka kwa nani na kupokewa na nani. Mdogo wangu ni mtu mwema, lakini ni mzito. Akasema kesho, na kesho ikawa kesho kutwa, kisha ikaja harakati za Idi, na moyoni alikuwa akijiambia kwamba picha ipo salama katika simu ya mtoto. Alipoipeleka ilikuwa siku ya kumi na sita. Picha za usiku ule hazikuwamo tena.

Hakuna aliyezifuta. Mashine hizi zina sahani ya kuhifadhia, na sahani ikijaa, mashine huanza upya kuandika juu ya zile za zamani. Piga hesabu: kamera nne, kila moja ikitumia megabiti mbili kwa sekunde, zote pamoja hujaza kiasi cha gigabaiti 86 kwa siku moja. Sahani ya terabaiti moja, ambayo ndiyo iliyomo katika mashine nyingi za nyumbani, hujaa kwa siku kumi na moja na nusu. Siku ya kumi na mbili usiku wa wizi wenu unaanza kufunikwa na picha za kuku wakipita uani. Na katika zile picha zilizopotea, kamera ya pili, iliyo juu ya mlango wa jiko ambapo taa huwaka usiku kucha, ilikuwa imemwona mwizi usoni. Shemeji yangu alimwona kwa macho yake usiku ule mbele ya kioo, akasema hamjui. Hakuna aliyeshughulika naye, kwa kuwa wote walikuwa wameshikwa na khabari ya koti.

Kilichobaki ni zile sekunde arobaini za simu: picha ya picha, iliyokatwa mwanzo na mwisho, kisha ikapitishwa WhatsApp, ambayo hupunguza ubora wa picha ili ipite upesi na huitoa bila alama za asili za tarehe na chombo kilichoipiga. Kitu hicho si bure kabisa, lakini ni kama kuleta mahakamani ukurasa mmoja wa barua, tena ulioandikwa upya na mtu mwingine.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema mara nyingi jinsi kielelezo kinavyotakiwa kutembea. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake, ya mwaka 2007, ilieleza kwamba pawepo mfululizo wa maandishi unaoonyesha kitu kilikamatwa na nani, kikawekwa wapi, kikapita mikono ya nani, mpaka kikafika mbele ya hakimu. Kesi ile haikuwa ya kamera, lakini mfululizo huo ndio unaoulizwa hata kwa kamera: nani aliyezifunga, nani mwenye neno la siri la mashine, nani aliyenakili picha katika flashi, siku gani, na flashi ikafungwa na kutiwa saini na nani. Ikiwa ndani ya nyumba kila mtoto anaingia katika mashine apendavyo, hilo nalo litaulizwa. Kwa hivyo wizi ukitokea, mtu mwenye akili hatazami kwanza ila huzuia kwanza. Mashine izimwe isiendelee kuandika, isiguswe na mafundi wa mtaani, watu wakatoe taarifa na kuchukua namba ya RB, na mpelelezi aambiwe siku ile ile kwamba picha zipo na kwamba zina siku chache za kuishi.

Tena ipo rufaa nyingine ambayo laiti ingebandikwa katika kila kijiwe. Ni ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980. Hapo Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko ushahidi mwingine, na mahakama haipaswi kuutegemea mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea: shahidi alimtazama kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, je alimjua kabla ya hapo. Majaji wale walikuwa wakisema juu ya macho ya wanadamu. Lakini nawauliza, kamera imeondoa nini katika masuala hayo? Umbali uko pale pale, mwanga ni ule usio na rangi, na anayesema "huyu ni fulani" si kamera. Ni mtu, mwenye hasira, saa tano za usiku, ametoka kuibiwa.

Na jambo hili si la Songea peke yake. Huko Marekani, mwezi wa Januari 2020, polisi wa mji wa Detroit walimkamata bwana mmoja jina lake Robert Williams mbele ya mkewe na binti zake wawili, kwa wizi wa saa za mkononi dukani. Kamera ya duka ilimwona mwizi, picha ikatiwa katika kompyuta, na kompyuta ikachagua picha ya zamani ya leseni ya udereva ya bwana huyo. Alilala kizuizini, na alipoonyeshwa picha ya mwizi aliishika kando ya uso wake mwenyewe wakaona kuwa si yeye. Kesi ikafutwa, na mwaka 2024 mji ule ukakubali kumlipa na kubadili taratibu za polisi wake. Vyombo vyao vinashinda vyetu mara elfu, na bado mtu alitiwa pingu uani kwake.

Sisemi haya kuzivunja heshima kamera. Mwaka 2013, baada ya mashambulizi ya Westgate jijini Nairobi, askari walisemwa kuwa wamechukua mali za maduka, ikakanushwa, na ni kamera za ndani ya jengo zilizoonyesha waliotoka na mifuko mikononi. Askari wawili wakafukuzwa kazi na kufungwa. Hapa kwetu, Oktoba 2018, alipotekwa mfanyabiashara Mohammed Dewji jijini Dar es Salaam, Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati ule, Simon Sirro, aliwaonyesha waandishi picha za kamera zenye gari lililotumiwa na watekaji, na siku iliyofuata Dewji akapatikana salama. Kamera ikitumiwa na anayejua kuuliza hufaa sana.

Wazee wengine wameniuliza, je katika dini yetu, kitu kisicho na roho chaweza kuwa shahidi? Wakumbuke kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) na kanzu yake. Ilipohitilafiana kauli yake na ya mke wa mkubwa wake, iliangaliwa kanzu: imechanwa mbele au nyuma? Ikaonekana imechanwa nyuma, na ukweli ukadhihiri. Wanachuoni hukiita kitu kama hicho qarina, na Ibn Qayyim al-Jawziyya, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, sawa na mwaka 1350, alikieleza kwa urefu katika kitabu chake juu ya njia za kuhukumu. Lakini tazameni vizuri: kanzu haikusema yenyewe. Palikuwa na mtu wa kueleza kwanza namna ya kuisoma, kabla haijatazamwa, ili asiwepo wa kuigeuza maana kwa matakwa yake. Sisi tulifanya kinyume chake. Tulitazama kwanza, kisha tukatafuta maana.

Lipo jingine ambalo akina mama ndio walionizindua. Kamera ya tatu ya mdogo wangu, ile ya ukutani nyuma, ilikuwa ikitazama uani kwake na nusu ya uani wa jirani. Na jirani huyo ni nyumba ya yule yule kijana wa bodaboda. Mama yake na dada zake hufua pale, huanika, husuka nywele, vichwa wazi kama kila mwanamke alivyo uani kwake. Kwa muda wa miaka mitatu walikuwa wakirekodiwa, na vijana wa nyumba hii waliweza kuwatazama kwa simu wakati wowote. Sisemi walifanya hivyo. Nasema waliweza. Tunajua kutoka katika hadithi jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomkasirikia mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wake, akaeleza kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.), akiwa Khalifa, alipanda ukuta wa nyumba aliyosikia ndani yake sauti za maasi, mwenye nyumba akamwambia kwamba yeye amekosa moja, na Amiri wa Waumini amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakuomba idhini. Umar akamwacha. Sheria ya nchi nayo imeingia katika uwanja huu: tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kuisimamia. Lakini mimi sikungoja Tume. Jioni ile ile nilimwambia mdogo wangu alete ngazi, na kamera ya tatu ikageuzwa itazame mlango wetu na ukuta wetu basi.

Ama kusambaza picha ya mtu na kumwita mwizi, vijana wajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu, cha 16, juu ya anayechapisha khabari anayoijua kuwa ni ya uongo kwa nia ya kumvunjia mtu heshima, na adhabu yake haipungui shilingi milioni tano au kifungo cha miaka mitatu. Mwana wa ndugu yangu aliamini aliyoyaandika, na huenda hilo lingemwokoa na kifungu hicho. Lakini lau kijana yule angalikufa pale kijiweni, sijui ni kifungu gani kingaliuokoa usingizi wake.

Nimalizie khabari ya cherehani. Mwezi mmoja na siku chache baada ya Idi, fundi mmoja wa nguo aliletewa cherehani anunue, akaitambua kwa bamba la shaba ambalo yeye mwenyewe aliwahi kumtengenezea shemeji yangu chini ya gurudumu. Akamweka mtu yule kwa maneno mpaka polisi wakafika. Mtu huyo asema aliinunua kwa mwingine asiyemjua. Kuvunja nyumba usiku, kwa Kanuni za Adhabu zetu, kifungo chake chaweza kufika miaka ishirini, na mchana miaka kumi na minne. Kwa hivyo si ajabu mtu kushikilia neno lake. Shauri liko mbele ya mahakama nami sitalisema zaidi. Ila shemeji yangu alipoambiwa akamtazame katika gwaride la utambulisho, alisimama muda mrefu, kisha akasema kwamba adhani ni yeye lakini hawezi kuapa, kwa kuwa alimwona katika kioo mara moja tu na sasa siku zimepita. Nilimheshimu kwa jawabu hilo. Uso ule ulikuwamo katika mashine yetu siku kumi na moja.

Siku ya pili ya Idi tulikwenda nyumba ya nyuma, mimi, mdogo wangu na mwanawe. Tulichukua gharama za hospitali, na za pikipiki ambayo nayo ilivunjwa siku ile. Kijana alikuwa amekaa mkekani, mkono u katika plasta. Mwana wa ndugu yangu akaomba radhi kwa maneno machache, kwani mengi hayakumtoka. Yule kijana akasema, "Yamekwisha, ndugu yangu." Lakini mama yake hakusema kuwa yamekwisha. Alituletea chai na vitumbua, akatuhudumia kama wageni wa Idi wanavyohudumiwa, na tulipoinuka kuaga akamwambia mdogo wangu: "Baba fulani, pale katika kundi bado jina la mwanangu limo. Waliolisoma ni mia mbili. Nyinyi mmekuja watu watatu."

Usiku ule mwana wa ndugu yangu aliandika katika kundi kwamba alikosea, akataja jina la kijana na kosa lake mwenyewe, bila kuzungusha maneno. Na Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, mdogo wangu alisimama msikitini akasema hivyo hivyo kwa mdomo wake.

Masuali yenu juu ya jambo hili yapelekwe kwa mhariri kama kawaida.

Wassalaam.